Amechelewa Tu

Kiberenge kililala njia ya pili, stesheni ya Tanga,
na juu ya kibanda chake antena nyeupe,
upana wa kisahani, ikizihesabu setilaiti.
"Iache ijifunze ilipo," alisema Fundi Mwantumu Shekalaghe,
"saa ishirini na nne. Ikishajua mahali
haitauliza tena. Itabaki na swali moja:
sasa ni saa ngapi?"

Nililinda mimi. Mbu nao walilinda.
Kwenye sanduku, saa ya rubidi ndiyo hakimu;
kila nusu saa nalinganisha, naandika daftarini:
kosa, nanosekunde sita. Kosa, nne.
Alfajiri, kabla ya adhana, kosa mbili,
nikajiona tajiri.

Asubuhi Hizza akaja na chupa ya chai na mihogo ya nazi,
akaiwasha injini, tukaondoka kwenda Pongwe.
Ilikuwa kazi yangu kuiambia saa kwamba tunaondoka.
Kitufe kimoja.
Nilikuwa na muhogo mkononi.

Mita moja, wimbi la redio huivuka
kwa nanosekunde tatu na ushei.
Sisi tulikwenda mita mia, mita mia mbili,
tukipita uani kwa watu, kanga zimeanikwa,
mtoto mmoja uchi akitupungia kijiko.
Setilaiti za upande wa Pongwe zikaanza kusikika mapema,
za upande wa baharini zikachelewa,
na saa, iliyoapa kuwa haijabanduka njia ya pili,
ikatafuta wa kumlaumu.
Mahali hapalaumiki: palikwisha andikwa.
Ikalaumu wakati.

Mia nne, nikasoma. Mia saba.
Kwenye kona ya karakana ng'ombe akasimama relini,
Hizza akakanyaga breki, sote tukaangukia mbele,
na uzi wa ishara ukavutika,
ukakatika, ukaunga, ukakatika.
Mia tisa na kitu.
Taa nyekundu.

Nilingoja matusi. Fundi alifungua kisanduku,
akapuliza vumbi ambalo halikuwamo.
"Hesabu zake ni sawa," akasema.
"Anadhani amesimama, basi.
Ukidhani umesimama, kila kitu kingine
kitaonekana kimekosea saa."

Hizza akacheka, akamfukuza ng'ombe kwa kofia.
Mimi nilicheka nao, kisha sikucheka.

Kwetu Makorora mama hupakua sahani sita.
Tuko watano.
Ya sita huifunika kwa kawa, kichwa cha samaki kikielekea mlangoni.
"Baba yenu amechelewa tu."
Mwaka wa kumi na moja huu.
Hajapata kusema ameondoka, wala sisi hatujasema,
wala yule jirani aliyemwona Mombasa
na mtoto mgongoni.
Ila saa ya ukutani mama hana imani nayo:
mara inakimbia, mara inasinzia,
kaibadili betri hadi muuza duka anamtania,
kaipeleka kwa fundi wa barabara ya kumi na mbili,
ikarudi nzima kama ilivyokwenda.

Fundi Mwantumu akabonyeza kile kitufe.
Sasa saa ikawa na maswali mawili, wapi na lini,
na majibu yakaja yakitetereka:
kosa arobaini, kosa thelathini na tano, hamsini kwenye daraja.
"Mbona si mbili?" nikauliza.
"Mbili ni za aliyetulia kweli.
Anayekwenda apate arobaini, ashukuru,
ilimradi ajue anakwenda."

Pongwe tulifika na vumbi la saruji juu ya antena.
Niliipangusa kwa shati langu.

Jioni niliupita mkeka wangu,
nikaketi penye sahani ya sita.
Wadogo zangu wakaacha kutafuna.
Mama alitazama saa ya ukutani,
akanitazama mimi, muda mrefu,
muda ambao sikuwa na chombo cha kuupima,
akanyosha mkono
akafunua kawa.